Kurasa Zilizozuiwa Picha

4 Machi

Binti yangu,

Natumaini barua pepe hii itakukuta mzima huko ng'ambo na kazi zako zinakwenda. Mimi ni mzima wa mwili, mengine soma.

Mama yako hayupo nyumbani tangu juzi asubuhi. Nilikuwa nikinyoa ndevu. Nilipotoka bafuni, mlango wa mbele ulikuwa wazi, na viatu vyake vyote vilikuwa vimepangwa mahali pake. Unajua kwamba siku hizi hulikumbuka jina lake siku moja na kulisahau siku tatu. Polisi wameandika maelezo. Nimeanza kuzunguka hospitali kwa miguu, nimemaliza tatu. Kesho nakwenda ile iliyo nyuma ya ghala la saruji. Jirani yetu fundi cherehani hunisindikiza, na njia nzima ananiambia kwamba natembea kama meza yenye mguu mmoja mfupi.

Baba yako

5 Machi

Baba, shikamoo.

Nimelia, nimenawa uso, nimekaa kwenye kompyuta. Tafadhali usiende kokote na goti hilo. Ukianguka, nitakuwa na wazazi wawili wa kutafuta.

Kazi yangu ndiyo hii hasa, baba: kutengeneza programu zinazofungua kurasa za mtandao zenyewe na kuzisoma. Nimeipa moja orodha ya hospitali na vituo vyote vya polisi mjini, sitini kwa jumla. Kila hospitali hutangaza kwenye ukurasa wake wagonjwa wasiojulikana. Mwanzoni ilikuwa ikijikokota, maana kila ukurasa ulishusha picha za majengo, video za wakurugenzi, matangazo ya dawa ya meno. Nimezuia takataka zote hizo. Sasa inachukua maandishi tu. Inazimaliza kurasa zote kwa dakika moja, na inazirudia kila baada ya dakika kumi. Kaa karibu na simu. Mama akitajwa popote, nitajua kabla muuguzi hajaweka kalamu chini.

Binti yako

8 Machi

Binti yangu,

Salamu nyingi. Usingizi sina, chakula napokea.

Nimekutii. Sikwenda kule nyuma ya ghala wala kwingine. Fundi ameniuliza, "Mwalimu, siku hizi unatafuta mtu ukiwa umekaa?" Nikamjibu kwamba binti yangu ana macho sitini, naye ashone suruali za watu. Je, mashine yako imesema nini?

Baba yako

9 Machi

Baba, shikamoo.

Imesema hakuna. Hiyo nayo ni habari: maana yake mama hayumo hospitalini, huenda yuko kwa mtu mwema aliyemweka ndani. Usichoke kusubiri. Mimi sijachoka.

Binti yako

21 Machi

Binti yangu,

Jana kwenye simu niliweza kukwambia neno moja tu, kwamba amefariki. Haya ndiyo mengine. Tumemzika leo asubuhi.

Fundi alikwenda kupeleka mashuka aliyoishonea ile hospitali ya nyuma ya ghala la saruji. Akaona picha ya mama yako ukutani. Alikuja mbio, akiwa na futi yake shingoni, nasi tukaenda. Tulichelewa kwa siku moja.

Aliokotwa siku ileile aliyotoka. Karani wa pale huandika tangazo kwa kalamu, hubandika picha ya mgonjwa, kisha huipiga picha karatasi nzima na kuiweka kwenye ukurasa wao. Hivyo ndivyo alivyofanya miaka yote. La mama yako aliliweka tarehe 3.

Muuguzi ameniambia kwamba mama yako alikuwa akiuliza watu wake watakuja saa ngapi. Kila mara alimjibu, "Tumekutangaza, mama. Watakuja."

Ningependa kuandika kwamba sikulaumu. Sijazoea kuandika nisichokiamini.

Baba yako

22 Machi

Baba, shikamoo.

Sina neno la pole linalofaa kukupa.

Nimeufungua ukurasa ule kwa macho yangu, bila kuzuia kitu. Mama yupo. Amevaa gauni la hospitali na anamtazama mpiga picha kama anayetaka kumsaidia. Chini yake, kwa mwandiko wa karani: mwanamke mzee, mpole, hakuvaa viatu.

Kumbukumbu za programu ninazo. Kuanzia tarehe 5 hadi siku aliyofariki, iliupitia ukurasa huo mara elfu mbili na kumi na sita. Kila mara iliandika "hakuna", maana tangazo zima, sura na mwandiko, ni picha. Mimi ndiye niliyeifunga macho, kwa sababu nilitaka iende haraka. Na ni mimi niliyekuzuia kwenda.

Niruhusu nije.

Binti yako

2 Aprili

Binti yangu,

Barua yako imefika.

Chumba chako kipo na kitanda kimetandikwa. Lakini mwezi huu usije. Nina maneno mdomoni ambayo yakinitoka hayatarudi, na niliyebaki naye ni wewe peke yako.

Baba yako

3 Mei

Baba, shikamoo.

Mwezi umekwisha. Nije?

Binti yako

19 Mei

Baba, shikamoo.

Nije?

Binti yako

11 Juni

Baba, shikamoo.

Nimempigia simu fundi cherehani. Anasema u mzima, unatoka nje kila asubuhi, na barua zangu zote zinakufikia.

Nashukuru kwamba u mzima.

Binti yako