Nyasi Ulizozikandamiza, Kaka

Kaka yangu Hamisi,

Juzi asubuhi nilikuwa nimekaa jikoni kwa Mama, hapa Gazi, ninakula muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi, video yako ikaingia kwenye simu. Hukunitumia wewe. Iliwekwa na kedi mmoja wa Diani kwenye kundi letu la wabeba mifuko ya gofu, na chini yake watu walikuwa wameshajaza mikono ya kupiga makofi. Umesimama kwenye uwanja wa gofu huko Arabuni unakofundisha, fulana nyeupe, kofia nyeupe, wanafunzi wamekuzunguka. Umeshika weji, moja ya zile fimbo fupi zenye uso uliolala, za kupigia mpira ukiwa karibu na shimo. Ukawaambia kwa Kiingereza chako kipya kwamba nyumbani Kenya ulishinda mashindano kwa sababu ulijua kubadilisha fimbo wakati unaofaa. Kisha ukaweka mkono kifuani, ukasema, "Weji inataka unyenyekevu."

Nilitema muhogo. Sisemi hivyo kwa kupamba maneno. Niliutema kwenye kiganja, nikautupia kuku, na Mama akaniuliza kama muhogo ulikuwa mchungu.

Simu zangu hupokei, basi nakuandikia. Na naandika waziwazi, asomaye asome, kwa sababu waliokupigia makofi walikuwa wengi.

Kwanza nikiri kilicho chako. Wewe ndiye uliyenifundisha. Unaikumbuka ile weji ya kwanza, iliyoliwa na kutu mpaka namba haisomeki, aliyokuachia mzungu mmoja alipomaliza likizo yake? Ulikuja nayo nyumbani umeifunga kwenye gazeti kama samaki. Maji yalipokupwa tulishuka ufukoni, wewe ukichora duara mchangani, mimi nikitakiwa niutue mpira ndani yake. Majirani walisema mtoto wa kike anapiga mchanga kwa chuma, amepagawa. Ulicheka, ukawajibu, "Mwacheni, huyu ana mikono."

Ulinifundisha kwamba mchanga mkavu unataka fimbo yenye kitako kinene, kiteleze chini ya mpira kisizame. Na mchanga uliolowa unataka kitako chembamba, kwa sababu kinene kitadunda. Ulinifundisha zote nne tulizozijua kwa namba za ulalo wao: arobaini na sita ya kuuendesha mpira chini kwa chini, hamsini na mbili ya kuuinua kidogo kisha ukakimbia wenyewe, hamsini na sita ya mchanga, na sitini ya kuurusha juu ukaanguka papo hapo. Nikikosea ulikuwa hunigombezi. Ulikuwa unaniuliza tu, "Mejumaa, mpira umelalaje?" Na mimi nilikuwa sijibu mpaka nipige magoti, niutazame kwa chini, nione nyasi ziko nyuma yake au ziko chini yake. Nilikuwa nakuamini, Kaka, kama mtu anavyouamini mwandiko wa baba yake.

Ndiyo maana siku ile nilikubebea mfuko kwa fahari. Mashindano ya makedi, na mshindi angechukuliwa kufundishwa ualimu wa gofu. Nafasi moja tu. Ulikuwa unacheza na Mutua, yule mtu wa bara aliyehamia na wazazi wake kwenye mashamba waliyogawiwa wahamiaji, aliyekuwa anakuja kazini kwa baiskeli kabla ya watu wote na kufagia banda letu bila kuambiwa. Hakuna aliyekuwa akimchukia Mutua. Hata wewe ulikuwa ukimpenda. Mlikuwa mnakula sahani moja.

Tulipofika shimo la mwisho ulikuwa mbele yake kwa pigo moja. Mutua akauweka mpira wake kwenye grini, kwenye zile nyasi fupi za shimoni, pazuri kabisa. Wako ukapita, ukaenda kulala nyuma kule, chini ya mivinje. Watu wote walikuwa upande wa pili wa grini. Tulikwenda wawili, mimi na wewe.

Nilipiga magoti kama ulivyonizoesha. Mpira ulikuwa umezama, Kaka. Nyasi ngumu zimeukumbatia mpaka nusu, na nyuma yake zimesimama kama brashi. Nilikwambia kwa sauti ndogo, "Umelala vibaya. Piga hamsini na sita, utoke tu." Wewe ukasema, "Nipe sitini."

Nikakupa. Ukaiweka nyuma ya mpira kama mtu anayejipanga kupiga. Ukakandamiza. Ukainua, ukaweka tena, ukaegemeza uzito wako wote. Mara ya tatu ulisogeza mguu na kukanyaga kabisa. Nilizisikia nyasi zikilala. Mpira ukabaki juu, safi, kama yai kwenye sinia. Ndipo ukaitazama bendera, ukatikisa kichwa kama mtu aliyepata wazo jipya, ukanirudishia sitini na kusema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ile, "Hapana. Nipe hamsini na mbili."

Uliupiga vizuri. Siwezi kukunyima hilo, na hilo ndilo linalonichefua zaidi. Mpira ukaruka kidogo, ukashuka, ukakimbia taratibu ukasimama karibu na shimo hata ungeusukuma kwa kidole. Watu wakalipuka. Mzee mmoja mwanachama akasema, "Mmeona? Alikuwa ameshachukua sitini, akaisoma nyasi, akabadilisha. Huo ndio ubingwa." Mutua naye akamaliza shimo bila kosa. Ukamshinda kwa lile lile pigo moja. Mchezaji akikandamiza nyasi nyuma ya mpira wake anaongezewa mapigo mawili. Hili hata kedi wa wiki ya kwanza analijua. Hesabu ilikuwa ndogo, mwenye mapigo machache ndiye mshindi na hayo mawili yangempa Mutua ushindi, na mimi niliifanya pale pale nimeshika sitini mkononi, kitako chake kimejaa udongo na majani yaliyopondwa, fimbo ambayo haikuwa imepiga mpira wowote.

Nikaifuta kwa taulo.

Kisha Mutua akanijia. Hakunijia kwa shari. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kujifunza. Akaniuliza, "Mejumaa, niambie tu ukweli, ile ball ilikuwa imekaa aje? Mimi kutoka huku niliona ni kama imeingia ndani."

Wewe ulikuwa hatua tatu kutoka pale, unapeana mikono na watu. Ulinitazama. Hukukonyeza wala hukutikisa kichwa. Ulinitazama tu, na mimi nikasema, "Ilikaa vizuri. Ilikuwa juu."

Akasema, "Kumbe macho yangu ndiyo mabaya," akakufuata kukupongeza. Akakukumbatia, Kaka. Nawe ukamkumbatia. Ukampiga mgongoni mara mbili. Nikiukumbuka ule mkono wako ukipiga ule mgongo, mate yananijaa mdomoni.

Miaka minne nimekaa na jambo hili. Nilijiambia ni mchezo wa matajiri, mpira na kijiti, hakuna aliyekufa. Nilijiambia nyumba imepata bati kwa mshahara wako na Mama anatibiwa macho. Kila uongo niliokuwa nao niliutumia. Lakini video ile iliimaliza akiba hiyo. Kuiba ni jambo moja. Binadamu huiba akatubu. Wewe umeuchukua wizi wako, umeuosha, umeuvalisha fulana nyeupe na unawalisha wanafunzi kama somo. Na neno ulilochagua ni unyenyekevu!

Nikamwambia Mama kwamba nakwenda kwa Mutua. Aliacha kukuna nazi. Nilidhani atashangaa. Hakushangaa, nafikiri mama hujua kitu kimeoza ndani ya nyumba hata kabla harufu haijatoka. Aliniambia, "Mwanangu, ukimvua nguo nduguyo utatembea naye uchi."

Nikamjibu, "Mama, mimi uchi nimetembea miaka minne. Sasa natafuta nguo."

Hakuniruhusu wala hakunikataza. Alirudi kwenye mbuzi yake, akaendelea kukuna ile nazi mpaka nikasikia chuma kinakwaruza kifuu.

Mutua siku hizi analima matikiti huko huko kwa wazazi wake. Uwanjani hakurudi tangu mwezi ule uliofuata mashindano. Sote tulidhani ni hasira ya kushindwa. Nilimkuta shambani na mkewe. Wakanipa kigoda na maji, wakaniuliza habari za Mama na habari zako. Nilishindwa kuyanywa yale maji. Nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia hapa, mpaka lile taulo.

Hakuuliza kuhusu nafasi ya ualimu, wala kuhusu wewe. Aliuliza, "Ilikuwa imezama kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa vidole. Mpaka nusu.

"Na nyuma?"

"Nyuma nyasi zilisimama."

Akavua kofia, akajipangusa uso. Akasema, "Unajua kwa nini niliwacha gofu? Si kushindwa. Kushindwa nimezoea. Niliwacha juu ya kudhani sioni. Nilikuwa nimeona ball imezama, halafu mtu akaipiga na fifty-two kama imewekwa kwa meza. Nikajiambia, Mutua, wewe umekaa hapa miaka yote na hata huwezi kusoma nyasi. Huyu Hamisi anaona vitu wewe hutawahi kuona. Nikaenda nyumbani nikampatia mtoto wa jirani fimbo zangu achungie mbuzi." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Kumbe nilikuwa naona."

Mkewe ndiye aliyelia.

Nikamwomba Mutua msamaha. Alinikatiza. "Usiniombe leo. Leo nikikwambia sawa, nitakuwa nakudanganya, na hiyo mmeshanifanyia ya kutosha." Lakini alinisindikiza hadi barabarani, na mkoba wangu akaubeba yeye.

Kesho yake nikaenda Diani kwa msimamizi wa makedi. Akanisikiliza akizungusha kalamu. "Kwa nini sasa?" akauliza. Nikamwambia kwa sababu ya video. Akasema matokeo ya zamani hayafutiki, kitabu kimeshafungwa, ila mimi ataniondoa kwenye lile darasa la wasichana la Jumamosi nililokuwa nianze kulifundisha mwezi ujao. "Siwezi kumkabidhi watoto wa watu mtu aliyejua akanyamaza," alisema. Ni haki yake. Nililitamani darasa lile, Kaka. Nilikuwa nimeshawachagulia fimbo, kila mmoja kwa kimo chake. Nilipotoka ofisini tumbili walikuwa wanagombea mpira juu ya paa la banda letu, na makedi wanawacheka, na hakuna aliyenisogelea. Habari ilikuwa imenitangulia.

Sasa unajua kwa nini simu yako imeanza kulia. Utasema nimekuonea wivu. Utasema umetulisha. Umetulisha, na Mungu akulipe kwa kila kibaba. Lakini usinitake nikishukuru chakula kwa kumeza na mfupa. Utasema pia kwamba kila mtu hukandamiza nyasi kidogo, mabwana wakubwa tunaowabebea mifuko hukandamiza kila wiki, nasi huangalia pembeni. Ni kweli, nimewaona. Wamenitia kinyaa pia. Ila hao hawakunishika mkono nikiwa na miaka kumi na mbili wakaniambia mpira una haki ya kupigwa pale ulipolala.

Sikuombi urudi wala uache kazi. Nakuomba uwakusanye wale wanafunzi, uvae fulana yoyote upendayo, uwaambie mpira ule ulikuwa umezama. Kisha umpigie Mutua. Hatakupokea mara ya kwanza, labda hata ya kumi. Mpigie ya kumi na moja.

Nami sijitoi. Kinyaa hiki kikitoka kwako kinanirudia mimi. Tulikuwa wawili chini ya mivinje. Tofauti ni kwamba wewe ulikandamiza nyasi, mimi nikamkandamiza mtu, tena kwa maneno manne tu. Kila nikijiosha mikono nahisi lile taulo.

Mama anakusalimu. Ameniambia niandike kwamba macho yake ni mazuri sasa na kwamba Idd atakupikia. Njoo. Nitakupokea begi, nitakuamkia shikamoo mbele ya watu kwa sababu wewe ni mkubwa wangu na adabu haijafa kwetu. Nitakuwekea maji ya kuoga na nitakuandalia mkeka. Lakini usinikumbatie, Kaka. Usinipige mgongoni. Mpaka siku Mutua atakaponiambia umempigia, ukija karibu nitarudi nyuma hatua moja, na Mama ataona, na hatutamwambia ni kwa nini, kwa sababu anajua.

Nduguyo wa tumbo moja,
anayekuamkia kwa mbali.