Taa ya Ubavuni

Nyumbani kwa Bayo,
Karatu

Dada yangu Asumini,

Salamu zikufikie wewe na kila aliyelala na kuamka chini ya paa la mama. Kifua chake kikoje? Je, udongo wa chungu mwaka huu mmeupata kule kule bondeni au mmefukuzwa na maji? Mimi ni mzima, ukiacha sehemu moja nitakayoieleza mbele.

Utaona mwandiko umekwenda upande kama kuku aliyenywa pombe. Nimeandika kwa mkono wa kushoto, na kazi hii ni siku ya tatu leo. Isome mwenyewe kwanza hadi mwisho kabla ya kumsomea mama. Kuna mahali utaruka.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni nini, maana kule Masasi mmeambiwa mimi ni fundi magari. Sikuwakatalia. Kweli yenyewe ni kwamba nilikuwa nasugua magari. Fundi mwenzangu Bayo, Mmbulu wa hapa hapa, ndiye aliyenyoosha bati na kuziba mabonde kwa puti, ule udongo wao wa kiwandani. Mimi nilipiga msasa, kisha polishi, mpaka nzi akitua ateleze. Tangu mpaka wa Kenya ufungwe wageni wa Ngorongoro wamepungua, kwa hiyo wenye magari wanayauza, na gari la kuuzwa lazima ling'ae.

Tajiri wetu, Sifaeli, ni mtu asiyesema nawe kabla hajakurushia kitu. Siku yangu ya kwanza alinirushia plagi, ikanipata sikioni. Wenzangu wakanipa pongezi, maana aliyenitangulia alirushiwa betri.

Sasa sikiliza habari ya taa, maana ndiyo iliyonivunja mkono. Vumbi la Karatu ni jekundu, na halingoji kukaribishwa. Ukipiga polishi mlango uko wazi, unasugua mchanga ndani ya rangi. Kwa hiyo tulifunga mlango mchana kweupe, na ndani kukawa giza kama gunia la mkaa. Lazima uchague taa. Kwanza nilijaribu karabai. Inaunguruma, inatoa joto, na juu ya bati inachora duara moja jeupe usione kingine. Kisha Sifaeli akafunga tyubulaiti nne darini, za jenereta. Chini ya taa hizo hata gari lililokunjwa likanyooshwa linapendeza kama bibi harusi, na Sifaeli alizipenda kwa sababu hiyo hiyo. Mimi sikuzipenda. Nikitoa gari nje, jua la jioni lilikuwa linanionyesha mikwaruzo yote niliyodhani nimeiondoa.

Ndipo nikamkumbuka mama. Unajua asivyouza chungu kabla hajakipeleka mlangoni asubuhi, jua likiwa bado chini, akakigeuza kidogo kidogo mwanga ukipita ubavuni. Ufa usioonekana saa sita hujitokeza kama mstari wa wino. Nikachukua taa ya mbele ya Land Rover iliyokufa, nikaipachika kwenye kopo la maziwa ya unga, nikaiunga kwenye betri ya lori. Nikaiweka chini, sawa na goti, imulike bati kwa ubavu. Dada, gari zima lilikiri dhambi zake.

Sifaeli alipoiona siku ya kwanza mteja yupo ndani, alinichapa mpini wa jeki mgongoni, na mteja alipoondoka akaniongeza wa pili. Akaweka sheria. Taa ya ubavuni ni ya kufanyia kazi. Taa ya juu ndiyo ya kutolea gari. Tukaishi hivyo.

Mwezi uliopita akaja mtu wa mbao, bwana mmoja mnene mwenye mashine za kupasulia magogo, na Pijo yake ya kijani. Taa moja ya mbele haipo, bampa limeingia ndani, na nyuma kushoto kuna bonde la mviringo, dogo kama yai. Akasema amegonga nyati kule juu kwenye ukingo wa kreta, ukungu ulikuwa mzito. Hilo si jambo la ajabu huku. Nikainama kulegeza bampa, nikakuta nyuzi zimenasa. Nyati wa Ngorongoro ana manyoya meusi, dada. Huyu alikuwa amevaa shuka nyekundu.

Sifaeli alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaniuliza nimeona nini.

"Nyati," nikasema.

"Vizuri," akasema, akaondoka bila kunirushia kitu. Hapo ndipo nilipoogopa.

Kesho yake mama muuza chai akaja na habari. Binti wa kutoka Nainokanoka, ng'ambo ya kreta, alikuwa anaswaga punda wawili wenye unga, alfajiri, akagongwa na gari. Halikusimama. Alikufa pale barabarani kabla ukungu haujaondoka. Kaka yake aliyekuwa nyuma kidogo alirusha rungu, akasikia limelia kwenye bati. Askari wamefika huko, wameandika. Bayo alisikiliza akiwa na kisu cha puti mkononi. Akakunywa chai yake, akaliziba lile bonde la yai. Mimi nikalipiga msasa. Nilisugua gari lile siku tatu. Nakuandikia hivyo hivyo kwa sababu hakuna namna nyingine ya kuandika.

Siku ya tatu, mvua ikinyesha, mlango ukagongwa. Alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, na nyuma yake mzee mmoja wa Kimasai, Melubo, baba wa marehemu, pamoja na mwanawe Sironga, aliyebeba rungu. Walitembea kutoka Nainokanoka, na hapa mjini walikuwa wamekwisha kagua gereji mbili. Mtu wa mbao alikuwa chumba cha nyuma anakunywa chai, anangoja gari lake. Sifaeli akawasha tyubulaiti zote nne, akawaambia wakague watakavyo, yeye hana cha kuficha.

Pijo ilikuwa nzuri kuliko siku ilipozaliwa. Sironga akapitisha kiganja juu ya bati lote, polepole, kama anapapasa ndama. Hakupata kitu. Bayo anajua kazi yake, na mimi, Mungu anisamehe, naijua yangu. Kijana akarudia tena toka mwanzo. Balozi akatazama saa. Lakini yule mzee hakuligusa gari hata kidogo. Alitazama darini.

"Zima hizo," akasema. "Ng'ombe wa wizi, chapa imefunikwa na manyoya, tunamtazama jua likiwa chini. Jua la saa sita ni jua la mwizi. Leteni taa ya chini."

Sifaeli akajibu kwamba hatuna taa nyingine. Mzee akanitazama mimi. Sijui kwa nini mimi. Labda kwa sababu Bayo alikuwa anatazama viatu vyake.

Kopo langu lilikuwa nyuma ya matairi. Nikaenda kulichukua. Sifaeli akasema taratibu, kama anayeagiza chai, "Rashidi, ukiwasha hiyo, mkono huo hautashika kitambaa tena." Ukweli ni kwamba sikuwa nafikiria haki, dada. Nilikuwa nafikiria mama anavyokivunja chungu chenye ufa kwa mchi, mbele ya mnunuzi anayekitaka hivyo hivyo. Nikaunganisha waya, Bayo akazima zile za juu, nikaiweka taa chini, ubavuni.

Puti inapokauka hunywea kidogo. Mkono hausikii, taa ya ubavuni inasikia. Pale nyuma kushoto mwanga ulijikunja, kukatokea kivuli cha mviringo, chepesi kama alama ya kidole kwenye ugali. Sironga akaliweka rungu lake pale. Likakaa kama yai katika kiota.

(Hapa ndipo umrukishe mama.)

Kijana akaliinua rungu. Alivunja kioo cha nyuma, kisha cha pembeni, kisha akalipiga lile bonde mpaka puti ikaruka vipande na bati likatokea. Sifaeli hakumgusa. Alinijia mimi na mpini wa jeki. Nilikuwa bado nimeshika kopo. Pigo la kwanza liliuvunja mkono juu ya kifundo cha mkono, nikasikia sauti kabla ya maumivu, kama kijiti kikavu. La pili likanitoa meno mawili. La tatu halikufika, kwa sababu Bayo, ambaye miaka sita hajawahi kumjibu tajiri hata salamu kwa sauti, alimpiga na nyundo ya kunyooshea bati begani. Sifaeli akaanguka juu ya jenereta, ikanyamaza, na taa iliyowaka ni ile ile yangu, chini, inamulika miguu ya watu.

Mtu wa mbao akachungulia kutoka chumba cha nyuma, akaona, akakimbilia barabarani. Ilikuwa siku ya mnada na watu wamejaa bila kujali mvua. Sironga alimfikia kabla hajafika mbali. Rungu la kwanza likamwangusha kwenye matope. La pili likavunja taya. Walioshuhudia wakataka kujua kosa lake, wakaambiwa, na baada ya hapo kila mwenye fimbo akawa hakimu. Nilimwona mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akimpiga na kiatu chake mwenyewe, kile cha mtu wa mbao. Damu ilikwenda na maji kwenye mtaro. Nami nilisimama mlangoni nimekumbatia mkono wangu, na sitakuficha, sikumhurumia.

Mzee Melubo alikuja nyuma taratibu. Akainama kando ya barabara, akang'oa majani mabichi, konzi moja, akayainua juu ya yule mtu aliyelala. Kwa Wamasai, mzee akiinua majani, hakuna mkono unaoruhusiwa kushuka. Rungu la Sironga lilikuwa hewani. Likabaki hewani. Kijana alilia hapo, kwa mara ya kwanza nadhani tangu amzike dada yake, na watu wa mnada, wasio Wamasai, nao wakashusha fimbo.

"Nilikuja kutafuta gari," mzee akasema. "Maiti ninayo tayari."

Mtu wa mbao alikabidhiwa kwa askari akiwa hai, taya limefungwa kwa shuka. Hata Pijo ilisukumwa hadi kituoni, na bonde lake wazi.

Kabla hawajaondoka mzee alinijia. Nilidhani atanishukuru. Akaniuliza, akiniita kijana kwa lugha yao, "Ero, ulijua tangu lini?"

"Siku tatu," nikasema.

"Siku tatu," akarudia. Akaenda zake.

Bayo alinipeleka hospitali ya misheni kwa baiskeli. Wiki iliyofuata mwanamke nisiyemjua alikuja wodini na kibuyu cha maziwa, akasema kimetoka Nainokanoka, akaondoka. Sijui ni shukrani au ni ukumbusho. Niliyanywa yote.

Gereji imefungwa na Sifaeli ametoka Karatu, hakuna ajuaye kwa upande gani. Daktari anasema mfupa umeunga lakini umepinda, vidole viwili havitaki kukunjika. Bayo anataka tufungue kibanda chetu, yeye anyooshe, mimi nitazame. Nimemwambia sawa, kwa taa moja tu.

Msalimie mjomba mwenye shamba la korosho, na shangazi anayeniombea nipate mke, mwambie meno yamepungua lakini aendelee. Wabusu wanao, na shemeji mwambie ile radio asiifungue mwenyewe.

Mama akiuliza kwa nini mwandiko umepinda, mwambie huku taa ni mbaya. Atakubali. Kisha wewe unamjua: kesho yake asubuhi, jua likiwa bado chini, ataichukua karatasi hii mlangoni, yeye asiyejua kusoma, na kuigeuza kidogo kidogo.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Rashidi