Kiapo cha Mama Mkwe

Mkamwana wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila goti linanikumbusha umri. Kuku wako mweupe ametotoa vifaranga tisa, na fundi bati amekuja baada ya kunizungusha mwezi mzima.

Jirani amenisomea barua yako. Kumbe huko ugenini huwezi kuolewa tena bila hati inayosema mume wako wa kwanza amefariki. Mwanangu aliondoka kwenda kazini miaka tisa iliyopita, hakurudi, na mahakama inataka mzazi ale kiapo. Mara mbili nilifika kwa karani nikageuza, nikisingizia nimesahau miwani nyumbani. Mara ya tatu akaniambia taratibu, "Mama, miwani umeivaa."

Basi nimetia sahihi. Hati na tafsiri yake zimo humu, zote zimepigwa muhuri. Olewa, mwanangu, umengoja vya kutosha. Huyo bwana naye mpe salamu zangu.

Mlango wa uani bado siutii komeo, ili akirudi asihangaike kugonga. Hilo karani hakuniuliza, nami sikuliapia.

Ni mimi, ambaye bado ni mama yako.