Pini ya Mkiani

Mumbuni, Machakos
9 Agosti 1997

Dada Ruqaya,

Assalamu alaykum. Usifungue boksi mbele ya watoto kabla ya kumaliza barua hii.

Ndege ya mfano uliyoniomba imekamilika: ile kuukuu ya mabawa mawili ya marehemu mumeo Yahya, kila futi nimeifanya inchi. Bati nimekata kwenye makopo ya mafuta, nyaya nimechomoa kwenye breki za baiskeli yangu. Propela inazunguka. Mama hajambo, ila harufu ya gundi inamkera.

Wiki tatu nilikwama mkiani. Kibawa cha nyuma hushikwa na pini moja tu.

Walisema Yahya aliirusha vibaya ndipo ikaanguka, nami fundi wake nikanyamaza.

Usiitafute pini humo, dada. Hivyo ndivyo nilivyomkabidhi ndege asubuhi ile.

Nduguyo wa tumbo moja,
Ramzi