Nilisema "vegetable" vile inasemwa

Benitha, natoka kwa formation, ile mafunzo ya baalimu ya Kiingereza, hapa Kamembe.

Inspecteur aliniita mbele nisome kwa Kiingereza majina ya vyakula. Nikafika kwa "vegetable". Nikasema vejtabo, vile redio inasema, vile nimejifunza miezi sita.

Akanikatiza. "Ni vejiteibo, madame."

Yeye mwenyewe. Vejiteibo.

Nikarudilia vejtabo, pole pole, na heshima yote. Baalimu bote bakacheka. Akabageukia akasema, "Huyu alisomea Congo, mumusamehe."

Mumusamehe. Miaka yote ile kule Bukavu tuliitwa Banyarwanda. Nimerudi kwetu, kwa Banyarwanda benzangu, sasa niko Mukongomani wa kusamehewa.

Unakumbuka vita ya 98, pale kwa barrière yenye kufunga barabara, vile maaskari balikuwa banasemesha bantu ili basikie nani ni Munyarwanda? Wewe ulikuwa nyuma yetu kwa mustari. Maman alinifinya mukono mpaka ukavimba, akaninongoneza: "Sema kama bo, kama Bakongomani."

Nikasema kama bo. Ndiyo maana niko muzima.

Basi leo inspecteur ananingoja, kalamu iko juu ya jina langu, anipitishe ao aniangushe. Baalimu makumi ine bananingoja. Benitha, nilisikia ule mukono wa maman, kabisa, na amekufa miaka kumi imepita.

Nikasema vejiteibo.

Bakanipigia makofi. Na mimi nikasema asante.