Nimeivunja Safari ya Mambrui

S.L.P. 28417,
Nairobi.
Kiamaiko, Jumapili, 21 Novemba 1982

Mpendwa mdogo wangu Kibibi,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji Abdurahim na watoto. Goti lako laendeleaje? Bado lakusumbua ukipanda ngazi, au umeacha kulisugua mafuta kwa ule uvivu wako ninaoujua? Na kuku wako waliokuwa wakifa, wamesalia wangapi? Niandikie yote, hata ya kuku.

Hapa ndipo mtu huandika kwamba sisi huku hatujambo, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali. Nimeandika hivyo miaka yote, hata mwaka ule Mahmud alipovunjika mkono. Leo nimeshindwa. Tunapumua sote wanne, mimi na mume wangu Mahmud, Idarusi na Kadija mdogo, na kwa hilo namshukuru Mola.

Kesho asubuhi nitakwenda posta kukupigia telegramu. Itasema kwamba hatuji. Usinikasirikie, kwa sababu telegramu si mahali pa kueleza mambo. Barua hii itafika nyuma yake siku tatu nne. Isome peke yako. Usimsomee Mama, wala usiiache juu ya meza mchana kutwa, kwa maana hapo kwetu watu hawaoni uzi wa sindano lakini barua ya mwenzao huisoma toka mlangoni.

Unajua tulivyoingojea likizo hii. Ya Agosti ilituponyoka kwa machafuko yale, tulipofungiwa majumbani na kiwanda cha magodoro anachofanyia kazi Mahmud kule Baba Dogo kikafunga milango. Akaambiwa achukue mwisho wa Novemba, mwezi mzima, mpaka Maulidi ipite. Tiketi za treni ya Ijumaa hii zilikuwa kabatini. Kadija amejifungia mzigo wake mwenyewe: kandambili mbili na mwanasesere, nguo hata moja hamna. Nami nimemshonea Mama madera mawili mapana.

Basi sikiliza, nikueleze kilichotokea.

Kipindupindu kimeingia huku tangu mwanzo wa mwezi. Kilianzia upande wa mtoni, chini ya soko la mbuzi, kikapanda nyumba kwa nyumba. Mtu anaamka mzima, adhuhuri macho yamezama na sauti imekatika. Gari la afya likawa likipita na kipaza sauti: chemsheni maji, msile vya barabarani, na anayefia nyumbani asioshwe na watu wa nyumbani, waiteni watu wa gari hilo waje wamchukue. Sheikh wetu naye akasema msikitini kwamba maiti wa ugonjwa huu akitayamamishwa kwa udongo tu, bila maji, yatosha, Mungu hakututaka tujiue. Yote hayo niliyasikia kwa masikio yangu, Kibibi. Sitaki uje useme kesho kwamba Lela hakuambiwa.

Jumatatu ya tarehe nane akafa mke wa Awale. Awale ni jirani yangu, muuza mbuzi, mtu mkali sana sokoni. Alikuja akasimama mlangoni pangu na kofia mkononi. Hakunibembeleza. Alisema tu, "Mama Idarusi, wewe ndio unajua. Usiwaachie wale watu wa afya wamfunge kwa nailoni kama nyama."

Ningefanyaje? Mimi ni binti wa mwosha. Nimeingia chumba cha maiti na Mama tangu nina miaka kumi na minne, nikimshikia kopo, wakati wewe ukisikia neno jeneza tu unaruka ua mpaka kwa jirani. Mama hakupata kumkatalia mtu. Nikajifunga kanga mbili, nikatia dawa ya kuulia vijidudu kwenye ndoo, nikajiona mjanja. Tukaziba uani kwa mashuka. Nikamwambia Awale achimbe ufuo chini ya kitanda cha kuoshea, maji ya maiti yaingie humo, yasitiririke watu wakayakanyaga. Hivyo ndivyo nilivyofunzwa. Nikamwosha mwanamke yule vizuri, nikamfunga nywele mafungu matatu, akazikwa kabla ya magharibi.

Sasa ndipo lilipo kosa langu, na nimelifikiri mpaka kichwa kinaniuma. Mambrui ni mchanga. Huko maji ya ufuo hunywewa na ardhi, ukifukia hakuna kitu. Hapa ni udongo mweusi, ule unaonasa viatu. Haunywi kitu. Lile shimo tulilichimba kando ya bomba linalokwenda kwenye mfereji wetu, mfereji mmoja wa nyumba kumi na nane, na bomba lenyewe lina kiungo kibovu kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli. Jioni ile ikanyesha. Shimo likafurika. Kesho yake maji ya bomba yakakatika kama kawaida yake, na bomba tupu hunyonya lililo nje, kisha yakarudi alasiri, na watu wakakinga ndoo zao.

Tarehe kumi na moja wakaanza kuugua, nyumba tatu kwa mpigo. Kabla ya hapo upande wetu aliyekuwa ameugua ni mke wa Awale peke yake.

Yupo jirani yangu wa mlango wa pili, Nakhumicha, mtu wa Bungoma, mumewe Lusweti hufanya vibarua popote anapovipata. Walikuwa na mtoto wa kike wa miaka minne, Beldina. Huyo ndiye aliyekuwa akiingia kwangu bila hodi na kufunua sufuria zangu. Alifariki Jumamosi ya tarehe kumi na tatu. Hawakuruhusiwa kumpeleka kwao. Amezikwa makaburi ya jiji, watu sita tu wamesimama mbali, na Nakhumicha hakuruhusiwa hata kumgusa mtoto wake.

Bwana afya alikuja kufuatisha bomba. Akalikuta lile shimo bichi, akauliza ni la nini. Si wengi waliojua. Awale akanitazama, nami nikatazama chini. Mmoja akasema labda ni la maji ya nguo. Bwana afya akaandika, akafunga kitabu. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, Kibibi, nikashindwa kufungua kinywa.

Mimi mwenyewe niliugua siku ileile aliyozikwa mtoto. Nikakaa hospitali siku tatu na sindano ya maji ya chupa mkononi. Nilidhani nitakufa na nikaona ni haki. Sikufa. Wakati wa kutoka nesi mmoja, mama mtu mzima, alinikalisha akaniambia, "Wewe umepona, lakini huo ugonjwa unaweza kuwa bado ndani yako. Unatembea mzima, unapikia watu, unawagawia." Nikamuuliza kwa siku ngapi. Akasema wengine siku chache, wengine zaidi, na watu wa nyumba moja na mimi vilevile, na kwamba hapa kwetu hatuwezi kuhesabu siku maadamu bado watu wanaugua. Jana wamemchukua mwingine, chumba cha tatu kutoka kwangu.

Barua yako ya wiki jana niliisoma nikiwa kitandani. Unasema nisingoje, nije, Mama hana mwezi. Unasema kifua kimemzidi, hali tena ila uji, na bado hataki umwogeshe, hujifungia chooni na ndoo yake akishika ukuta. Na kwamba amesema mbele ya wanawake wote, siku yake ikifika asimguse mtu ila Lela. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi.

Mahmud anataka twende. Hakupiga kelele, unamjua. Alikaa akakunja mikono akasema, "Lela, bosi ameshasaini. Nikirudisha hii livu sipati ingine mpaka sijui lini. Mama yako anakungoja wewe, hangoji telegramu." Nikamwambia yale ya nesi. Akasema tutachemsha maji yetu, tutakula kwa sahani zetu. Nikamuuliza, kwa Mama? Kisima kimoja, ndoo moja, mtungi mmoja mlangoni na kata moja kwa kila aingiaye? Na Maulidi inakuja, wageni wanalala mpaka barazani, na mkubwa wa jikoni ni nani kama si mimi? Halafu akasema kitu kilichonikata maini. Alisema, "Kwani nani atajua ni sisi?"

Nimekwisha kuwa mtu ambaye hakuna ajuaye kuwa ni yeye, ndugu yangu. Mara moja yanitosha.

Nakwambia kweli, nilikaribia kumkubalia. Siku mbili nzima nilikuwa nakwenda. Nilikunja nguo zangu. Nilijiambia mimi ni mzima, watoto ni wazima, nesi yule anatisha watu tu. Jana asubuhi akaja Nakhumicha na kifuko cha njugu zilizotoka kwao. Amekonda, shingo imebaki mishipa. Akaniwekea mkononi akasema, "Peleka hii kwa mama yako, mwambie ni ya jirani. Wewe enda tu, usituhurumie sisi. Ya hapa imeshatupata."

Nikazipokea. Sikumwambia kitu. Nikamshukuru, hebu fikiria, nikamshukuru! Alipotoka nikajua kwamba siji. Naweza kukaa kimya mbele ya Nakhumicha, kumbe nina roho mbaya hivyo nami sikujua, lakini siwezi kuja hapo nikaua watoto wako kisha nikakaa kimya mbele yako.

Usinitafutie faraja. Najua utaandika kwamba ni kadari, kwamba ugonjwa ulikuwapo kabla yangu, kwamba huenda si lile shimo. Awale naye kaniambia hivyo. Huenda. Mimi nalipita kila nikienda kuchota maji.

Sasa lililobaki ni lako, na ndilo lililonifanya niandike kurasa hizi zote. Wewe ndiye utakayemwosha Mama.

Usiitupe barua. Keti. Mtu akishakufa haogopeshi, ni mzito tu. Mwite Bi Nthoki wa nyumba ya nyuma akushikie kopo. Alisilimu ukubwani lakini anajua kazi, na hana maneno. Maji yawe vuguvugu. Majani ya mkunazi yachemshwe kabla, na maji ya mwisho yatiwe karafuu maiti kidogo. Jifunge kitambaa mkononi, usimguse kwa mkono mtupu, wala usimfunue. Utaosha chini ya kanga. Anza kuliani. Ukishindwa, simama, vuta pumzi, halafu endelea. Usilie juu yake, machozi yako yakamdondokea. Mama hakuyapenda hayo.

Na ukifika upande wa kushoto, Kibibi, utakuta kitu.

Si kifua kinachomuua. Ni titi lake. Lilianza na kijiwe miaka mitatu iliyopita, safari ile niliyokuja peke yangu. Siku hizi litakuwa kidonda kikubwa. Aliniita chumbani, akafunga mlango kwa komeo, akanionyesha. Nililia nikamwomba twende hospitali Mombasa. Akasema hatamvulia nguo daktari mwanamume, na nikimwambia mtu yeyote, hata wewe, hatanisamehe. Nikaapa. Nilishika Msahafu nikaapa. Tangu hapo amekuwa akijikohoza mbele za watu ili mseme ni kifua. Ndiyo maana hujifungia na ndoo yake. Ndiyo maana alinitaka mimi.

Basi usishtuke, na usilipapase. Mimina maji kwa kiganja, polepole, yapite juu yake tu, kisha weka pamba nyingi kabla ya sanda, nyingi kuliko unavyodhani. Bi Nthoki mgeuze uso ukutani wakati huo, mwambie ni amri yangu. Akiwa bado yu hai barua hii ikifika, usimwambie kwamba unajua. Mwache ajifungie. Mwekee tu kigoda chooni aketi, na maji uyapashe moto bila kuulizwa.

Mama alinifunza kwamba mwosha hasemi alichokiona. Mimi nimesema hata kabla hajafa.

Akiuliza nimefika wapi, sijui umjibu nini. Nimejaribu kukuandikia maneno ya kumwambia, nikayafuta.

Wasalimie shemeji Abdurahim na watoto wote, uwabusu wadogo. Msalimie shangazi Rukia na Bi Nthoki. Mahmud anakusalimu sana, hajanikasirikia, amekwenda kurudisha tiketi. Watoto wanakusalimu. Kadija bado hajaambiwa.

Mwenyezi Mungu awalinde na maradhi haya, aufanye mkono wako uwe mwepesi siku hiyo, na amfungulie Mama njia isiyo na maumivu. Mimi uniombee ukipata nafasi.

Ni mimi dada yako nikupendaye, niliyepaswa kuwa hapo,

Lela