Ngome Niliyomchomelea Kukhu

Mowlem, Nairobi
Jumatano, baada ya adhuhuri

Baba yangu mpenzi,

Nakushika mguu kutoka mbali. Naomba barua hii ikukute magoti yamepata nafuu na chokaa ya msimu huu imeshika vizuri. Mimi ni mzima, ila mkono wa kulia umefungwa bendeji, kwa hivyo usishangae mwandiko ukikaa kama wa mtoto wa chuo cha Kurani. Daktari asema utapona. Nitakueleza ulivyoungua, nawe soma mpaka mwisho kabla ya kumpigia simu dada Zuhura.

Wajua huku nachomelea vyuma. Mageti, milango, na zaidi ya yote vyuma vya madirisha, maana wezi wa huku hupanda ukuta mchana kweupe. Utacheka ukisikia watu wanavyolitumia neno ngome. Wewe, mwashi wa kuta za mawe, ulinifunza nikikukorogea chokaa: ngome ni ile kubwa ya mawe, buruji ni mnara wake, husuni ni kingome kidogo cha askari wachache, boma ni ua wa miti iliyochomekwa, handaki ni shimo linaloizunguka. Nikikosea, ulinirudisha mwanzo. Huku yote ni ngome. Mwanasiasa akija na vipaza sauti husema mtaa huu ni ngome yake. Mashabiki wa mpira husema uwanja wao ni ngome. Na jirani yangu Mama Nafula, mlokole kutoka Bungoma, kila alfajiri huomba ngome za shetani zibomoke, mpaka vikombe vyangu vinatikisika.

Huyo Mama Nafula aliniita mwezi uliopita. Wezi walikuwa wamembebea televisheni, naye alikuwa amemleta mamake kutibiwa macho, ajuza ambaye sote twamwita Kukhu, maana ndivyo kwao wanavyomwita nyanya. Mama Nafula hufanya kazi kiwandani upande wa Mukuru kwa Njenga. Hutoka asubuhi, hurudi jioni.

"Fundi," aliniambia, "nijengee ngome. Hata paka asipite."

Nikamjengea. Vyuma vinene vya mraba, kila kiungo nimekichomelea mbele na nyuma, miguu yake nikaizamisha ukutani kwa saruji. Mlangoni nikaweka komeo la nje, ili amfungie mamake kwa kufuli akienda kazini, kwani Kukhu haoni vyema na ngazi za jengo hazina pa kushika. Nilijivuna na kazi ile, Baba. Kila mteja nilimwonyesha.

Jumatatu ya wiki jana, saa nane mchana, nilikuwa karakanani chini ya jengo hilo hilo. Nikasikia kishindo. Mtungi wa gesi ulikuwa umelipuka ghorofa ya kwanza, nyumba inayopakana na ya Mama Nafula. Watu wakateremka mbio, wengine bila viatu. Msimamizi wa jengo akazima umeme wote, na alifanya vyema. Moto ukashika ujia wa juu, na hakukuwa na wa kuufikia mlango wa Kukhu. Hata angeufikia, ufunguo ulikuwa mfukoni mwa bintiye kiwandani.

Nikatazama juu. Nikaona vidole vimeshika vyuma vyangu.

Nikaegemeza ngazi ukutani, nikapanda. Mashine ya kukatia ilikuwa bure bila umeme. Nikachukua msumeno wa mkono.

"Kukhu, weka kitambaa puani! Usiondoke dirishani!"

"Wewe nani?"

"Fundi. Niliyeweka vyuma hivi."

"Basi vitoe, mwanangu."

Hakupiga kelele. Aliyasema kama mtu anayeomba maji. Nikakata. Jasho likaniingia machoni, moshi ukaanza kutoka juu ya kichwa chake, na msumeno ulikuwa umekula nusu tu ya chuma kimoja. Siku zote ulinikataza kazi ya kulipua. Siku ile, Baba, nilitamani ningekuwa fundi mbovu. Kukhu akaanza kukohoa, kisha mkono wake mmoja ukaachia.

Chini, Njoroge, makanika jirani wa karakana yangu, akapiga kelele: "Buda, wachana na msumeno! Jeki! Chukua jeki!"

Akapanda nyuma yangu na jeki ya gari begani. Tukaikaza katikati ya vyuma viwili, yeye akizungusha mimi nikishikilia. Chuma kikalia, kikapinda. Kile nilichokata nusu kikakatika, na ncha yake, iliyokuwa moto kwa kusuguliwa na msumeno, ikanichana na kuniunguza kiganjani. Sikusikia kitu wakati ule. Nikaingiza mikono, nikamshika Kukhu kwapani, tukamtoa kichwa kwanza. Ni mwepesi kama kapu tupu. Watu wa chini wakampokea.

Mama Nafula alifika akikimbia, kofia ya kiwandani bado kichwani. Alinipiga kifuani kwa ngumi mbili. "Ulinijengea jeneza!" Kisha akaketi vumbini akatoa ufunguo mfukoni, akautazama. "Na mimi ndiye nilifunga," akasema.

Kukhu alilazwa siku nne kwa moshi uliomwingia mapafuni. Sasa yuko nje, anauliza chai ina sukari ngapi. Mwenye mtungi ameungua mikono, lakini ataishi. Mimi tangu hapo, kwa mkono mmoja na msaada wa Njoroge, nazunguka kwa wateja wangu wote nikikata vyuma na kutia bawaba na komeo la kufunguliwa kwa ndani. Wengine wamenifukuza. Mwenye jengo amesema ninawafungulia wezi. Aseme.

Sasa Baba, nifike kwa lililonifanya nishike kalamu badala ya kupiga simu, kwa maana kwenye simu ningeogopa sauti yako. Zuhura ameniambia kwamba Mama amezidi kusahau, kwamba siku moja aliokotwa sokoni hajui njia ya nyumbani, na kwamba sasa ukienda kazini wamfungia chumbani kwa kufuli. Najua wafanya kwa mapenzi. Mama Nafula pia alifanya kwa mapenzi. Mimi si wa kukufunza, wewe ndiwe fundi wangu. Lakini nakusihi, kufuli hilo lifungue. Mwombe Zuhura akae naye, nami nitachangia nitakachopata.

Nisalimie Zuhura na mumewe mwalimu, Mjomba Shee muuza kahawa, na shangazi mshona kofia. Mama mwambie Yusufu anamsalimu. Akiuliza Yusufu ni nani, mwambie ni yule mwanawe wa mwisho.

Ijumaa nitapanda basi nije. Kufuli, Baba, usiningoje nije ndipo ulifungue.

Mwanao akutiiye,
Yusufu